Kabla Sindano Haijatoka: Majaribio ya Tiba Katika Kagera

Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu nyuma, alipiga kambi Bugala, visiwa vya Ssese upande wa Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Vimelea viliporudi, dozi ikaongezwa, na wagonjwa 22 wakapofuka. Mwaka uliofuata Wajerumani walifungua kambi Kigarama, huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Wasaidizi waliofundishwa walipita vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Aliyekutwa nazo alitobolewa kwa sindano, na majimaji ya tezi yakatazamwa kwa hadubini. Wapo walioikimbia kambi dawa ilipowaumiza. Wakoloni waliwaona wakaidi, lakini kuondoka ndiyo njia pekee waliyoachiwa ya kusema hapana. Kasoro ya jaribio lile ilianza kabla ya dawa: halikuwa na utaratibu wa kumsikiliza mgonjwa wala wa kusimamisha dozi inayodhuru.

Huenda msomaji akasema ni dhuluma kumpima Koch kwa mizani ya leo, na malale yalikuwa yakiua maelfu kwa maelfu kandoni mwa Ziwa Victoria. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wazo la ridhaa halikuwa geni kwa Wajerumani: Desemba 1900 serikali ya Prussia iliziagiza kliniki zake zisimfanyie mtu utafiti usiokuwa wa kumtibu bila kumweleza na kupata kibali chake. Ni kweli agizo hilo halikugusa tiba yenyewe. Hata hivyo linaonyesha kwamba swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, ila halikuvuka bahari.

Sasa tazama wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, karne moja baadaye. Mbu walikuwa wameizoea dawa ya kwenye neti, na neti za kawaida zikapungua nguvu. Watafiti wa Tanzania kutoka Mwanza na Moshi, pamoja na wenzao wa London, waligawa eneo katika vikundi 48, kura ikaamua nani apate neti zilizoongezwa PBO, kemikali inayopunguza usugu wa mbu, na nani apate za kawaida. Hakuna aliyeachwa bila neti. Watoto walipimwa damu mara kwa mara, na baada ya miezi 21 waliokutwa na malaria walikuwa 45% upande wa PBO, 62% upande wa pili. Matokeo ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kulifanya Shirika la Afya Duniani lizipendekeze neti hizo mwaka 2017. Ushahidi wa Muleba ukawalinda watu wasioijua hata ramani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la muda: kamati, vibali na mikataba huchelewesha, na mlipuko haungoji. Uganda ililiona hilo mwaka 2022, chanjo za majaribio za ebola aina ya Sudan zilipofika wakati wagonjwa wamekwisha. Lakini mwaka 2025 mlipuko ulitangazwa Kampala tarehe 30 Januari, na jaribio likaanza tarehe 3 Februari. Maadili hayakulegezwa, itifaki ilikuwa imekwisha kuandikwa na chanjo ipo nchini. Ucheleweshaji mwingi hutokana na kungoja hatua moja iishe ndipo nyingine ianze, si na kumuuliza mgonjwa.

Homa ya Marburg, jamaa ya ebola, imeingia Kagera mara mbili, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Basi hospitali za mkoa huu, chuo cha utafiti kilicho karibu na mamlaka za vibali wakae meza moja sasa, wakati hakuna mgonjwa: waandike itifaki, waandae maelezo ya ridhaa kwa Kiswahili na Kihaya, na wakubaliane nani atasimamisha dozi mambo yakiharibika.