Makao Mapya ya Vitu vya Joseph Murumbi

Mkusanyo wa Joseph Murumbi ni miongoni mwa hazina kubwa za vitabu, nyaraka, stempu na sanaa ya Kiafrika zilizowahi kuwekwa pamoja na mtu mmoja katika Afrika Mashariki. Murumbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya kuanzia 1964, kisha Makamu wa Rais wa pili mwaka 1966, mwaka huohuo alioachia ngazi. Mambo yaliyoupata mkusanyo huo baada ya yeye kuondoka serikalini yanaonyesha jinsi vitu vya mtu binafsi vinavyogeuka mali ya taifa, na pia jinsi sehemu ya vitu hivyo inavyoweza kupotea njiani.

Murumbi alizaliwa 1911 katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomeshwa India, akarudi Kenya kijana, na katika miaka ya 1940 akafanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Mwaka 1952 alijiunga na chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union). Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba mwaka huo na viongozi wa chama wakatiwa mbaroni, yeye akakaimu ukatibu mkuu. Baadaye aliondoka nchini, akapitia India na Misri, akafika London na kuishi huko hadi 1962. Mji ule wa maduka ya vitabu vikuukuu ulimfaa sana mtu wa mapenzi yake. Huko ndiko alikokutana na Sheila Kaine, mkutubi, ambaye alikuja kuwa mkewe na mwenzake katika kukusanya.

Vitabu vya Murumbi vilihusu Afrika: safari za wavumbuzi, kumbukumbu za wamishonari, ripoti za serikali za kikoloni, kamusi na sarufi za lugha za Kiafrika. Vingi vilichapishwa kabla ya 1900. Pamoja na vitabu alikusanya barua na nyaraka za harakati za uhuru, stempu za nchi za Afrika, vinyago, vitambaa, mapambo ya ushanga na ya fedha, na kazi za wasanii wa wakati wake. Miongoni mwa wasanii hao walikuwamo Bruce Onobrakpeya wa Nigeria na Expedito Mwebe wa Uganda. Jambo hili la mwisho lilimtofautisha na wakusanyaji wengi wa Kizungu, waliotafuta vitu vya kale tu na kuwapuuza wachongaji na wachoraji waliokuwa hai.

Baada ya siasa, Murumbi aliingia katika biashara. Mwaka 1972, akishirikiana na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage mjini Nairobi, jumba lililouza sanaa, vito na mavazi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Jumba hilo liliwapa mafundi soko la kudumu. Wakati huohuo nyumba ya Murumbi katika mtaa wa Muthaiga ilizidi kujaa. Walikuwapo wanunuzi wa nje waliokuwa tayari kuuchukua mkusanyo. Murumbi alitaka ubaki Kenya.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 aliiuzia Serikali ya Kenya mkusanyo pamoja na nyumba. Kusudi lilikuwa nyumba ile igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika itakayobeba jina lake: vitabu vibaki kwenye rafu zake, sanaa ibaki ukutani, na watafiti waje kusoma humohumo. Yeye na mkewe walihamia shamba lao la Intona, Trans Mara, upande wa wajomba zake Wamaasai, wakajenga nyumba nyingine na kuendelea kukusanya.

Taasisi ya Muthaiga haikuwahi kufunguliwa. Vitabu na nyaraka vilihamishiwa Nyaraka za Kitaifa za Kenya, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambayo ilikuwa imepewa jengo la zamani la benki katikati ya Nairobi, kwenye barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Nyumba yenyewe ilibomolewa na ardhi yake ikakatwa viwanja vya kujenga. Sababu ya tofauti hiyo haifichiki. Kitabu kikishaingizwa kwenye daftari la hifadhi na kupewa namba, kina mlinzi wake kisheria. Nyumba ilikuwa imesimama kwenye ardhi ya Muthaiga, mojawapo ya mitaa ya bei ghali kabisa jijini, na kinga yake ilikuwa ahadi tu. Habari za kubomolewa kwake zilimwumiza sana Murumbi katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa tayari amedhoofika kwa kiharusi.

Murumbi alifariki Juni 1990. Sheila alifariki 2000, na vitu walivyokuwa navyo vikabaki bila mwenyewe. Hatua iliyofuata ilichukuliwa na wadhamini badala ya serikali. Donovan na wenzake waliunda Murumbi Trust, wakavikusanya vitu vilivyosalia na kutafuta mahali pa kuvionyesha. Ukumbi wa maonyesho wenye jina la Murumbi ulifunguliwa 2006 katika jengo la Nyaraka za Kitaifa. Mwaka 2013 sehemu nyingine, pamoja na stempu, ilipata makao katika Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa na ambalo sasa liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Zamani wakazi wa jiji walikuja hapo kuandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Sehemu ya tatu iko nje, chini ya miti. Murumbi aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwandishi wa habari aliyeuawa 1965 na kuzikwa City Park, Nairobi. Ardhi ya bustani hiyo nayo ilipoanza kumezewa mate na wajenzi, wadhamini waliweka sanamu za mawe kuzunguka kaburi. Mwaka 2009 mahali hapo pakawa bustani ya kumbukumbu, yenye kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka Kisii. Sanamu ziliufanya uwanja wa makaburi uonekane, na kilichoonekana na watu ni vigumu kukimega kimyakimya.

Hata mazungumzo ya Murumbi yalihifadhiwa. Mtaalamu wa nyaraka Anne Thurston alirekodi simulizi zake alipokuwa bado hai, na mwaka 2015 zilitolewa kitabu, A Path Not Taken.

Mkusanyo uliokusudiwa kukaa chini ya paa moja umegawanyika hivyo: vitabu na nyaraka viko Moi Avenue, vikisomwa na watafiti; stempu na sehemu ya sanaa ziko Nairobi Gallery; sanamu za mawe ziko City Park. Kilichokosekana ni nyumba ya Muthaiga, na pamoja nayo mpangilio ambao wenye mkusanyo waliupa, kitabu kikiwa jirani na kinyago cha watu wanaoelezwa ndani yake.