Giza, Moto na Ndakala: Uvuvi wa Usiku Kavala na Kalemie

Kaskazini ya Kalemie, upande wa Mtowa, kuko visiwa vidogo vya Kavala. Wenye kusoma historia wanavijua kwa sababu ya wazungu: mwaka 1885 Kapiteni Edward Hore, wa London Missionary Society, alifika kukaa pale na mke wake Annie na mtoto wao. Lakini mimi nataka kuongea juu ya kazi ambayo wageni hao waliikuta ziwani na wakaiacha palepale: kuvua ndakala usiku.

Ndakala inafuata mwangaza, kwa hiyo mvuvi anatafuta giza. Wazee wetu, Waholoholo, Watabwa na majirani wao, waliwasha kuni mbele ya mtumbwi. Mmoja alipiga kasia, mwengine alishika lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mti mrefu, akachota samaki kama mtu anayechota maji. Mwezi ukijaa, samaki hawakusanyiki tena penye moto. Basi karibu juma moja kila mwezi mitumbwi inalala kwenye mchanga. "Mwezi iko inawaka, tulale tu." Kulala kwenyewe ni kidogo: watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanaoza watoto, wanakata maneno ya ukoo, maana siku hizo hakuna mwanaume wa kusema yuko ziwani!

Miaka ya 1950 Wagiriki walileta mashua za moteri na nyavu za kuzungusha. Ikaja pia mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu katikati, na taa za petroli za kupompa. Leo ni taa za batri. Asubuhi, kazi inageuka kuwa ya wamama: kununua, kuanika juu ya mchanga, kugeuza, kufunga katika mifuko. Mvua ikinyesha siku mbili, mtaji umeoza.

Mwaka 2024 ikaja sheria ya kufunga uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, kama nchi nne za ziwa zilivyokubaliana, ili samaki wazae. Sababu ni ya kweli, samaki wamepunguka. Lakini pumziko la mwezi kila mama alilijua: alijua siku ya kukopa na siku ya kulipa. Miezi mitatu ni kitu kingine, na deni la wavu halipumziki. Tena Juni na Julai ni kiangazi, mchanga umekauka vizuri, siku zenyewe za kuanika.