Michezo ya watoto yaelemea mifuko ya wazazi mijini

Na Mwandishi Wetu

KABLA mtoto hajafunga bao lake la kwanza katika timu ya vijana, mzazi wake amekwishafungua mkoba mara kadhaa. Amenunua njumu, soksi ndefu na vikinga ugoko, amelipa ada ya kituo cha mafunzo, amechangia jezi, na kila siku ya mazoezi ametoa nauli ya kwenda na kurudi.

Fedha hizo hutoka kidogo kidogo, na ndiyo sababu kaya nyingi hazijui jumla yake. Ada ya shule huandikwa na kodi ya nyumba hukumbukwa, lakini gharama za michezo hupita bila hesabu hadi siku mzazi anapogundua kuwa mtoto mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo anasubiri daftari au sare.

Miaka iliyopita mtoto wa mjini alicheza chandimu katika uwanja wa mtaa bila kulipa chochote. Viwanja vingi vya aina hiyo vimejengwa nyumba na maduka, na mahali pake pamechukuliwa na vituo vya kukuza vipaji vyenye makocha, ratiba na ada. Mchezo ule ule sasa una bei.

Nyuma ya matumizi hayo ipo ndoto inayoeleweka. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe ya Kongo kabla ya kujiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Januari 2020 alihamia Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tangu wakati huo, mzazi mwenye mtoto anayeujua mpira haoni tena kuwa jambo hilo haliwezekani.

Swali ambalo halijibiwi mara nyingi ni hili: nani hulipa gharama za safari hiyo, na ikifika mwisho mwema, nani hurudishiwa?

Gharama zinakojificha

Gharama za michezo ya mtoto zinaweza kugawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni vifaa, ambavyo hununuliwa upya mara kwa mara kwa sababu mguu wa mtoto hukua haraka kuliko kiatu kinavyochakaa. La pili ni ada za kituo na michango ya mashindano.

Fungu la tatu ni usafiri, na hili ndilo linalosahaulika zaidi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtoto anatumia shilingi 2,000 kwa siku kwenda mazoezini na kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka. Jumla yake ni shilingi 240,000, na hapo mzazi au dada anayemsindikiza bado hajahesabiwa.

La nne ni matibabu. Kifundo cha mguu kilichoteguka huhitaji picha ya eksirei, bandeji na siku kadhaa za kukosa shule. Kwa familia isiyo na bima ya afya, rafu moja mbaya inaweza kumaliza akiba ya miezi.

Zaidi ya mafungu hayo ipo gharama isiyo ya fedha taslimu: muda. Mama mwenye genge au baba anayeendesha bodaboda anapokwenda kumsubiri mtoto uwanjani Jumamosi, hupoteza mapato ya nusu siku, na mara nyingi hiyo ndiyo siku yenye wateja wengi.

Njia ya shule

Kwa muda mrefu mzigo huu ulibebwa kwa sehemu kubwa na shule. Kupitia UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mtoto huanza shuleni kwake na kupanda ngazi kwa ngazi hadi mkoa na taifa. Soka, netiboli, riadha, mpira wa wavu na mpira wa mikono ni miongoni mwa michezo inayoshindaniwa.

Njia hiyo ni nafuu kwa sababu moja kubwa: mtoto hufanya mazoezi mahali ambapo tayari yupo. Hakuna nauli ya ziada na hakuna ada ya kituo, na mwalimu wa michezo tayari analipwa mshahara.

Hata hivyo, njia ya shule haijawa imara wakati wote. Mapema miaka ya 2000 Serikali iliisimamisha michezo hiyo kwa hoja kwamba inaathiri masomo, kisha ikairejesha baadaye. Aidha, baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, shule zimekuwa zikiendeshwa kwa ruzuku ambayo lazima igawanywe kati ya chaki, mitihani, ukarabati na mipira.

Wadhamini nao wamesaidia. Mashindano ya Copa Coca-Cola na Airtel Rising Stars yaliyowahi kuendeshwa nchini yaliwapa vijana wengi nafasi ya kuonekana. Lakini mdhamini hulipia siku za mashindano, ilhali miaka ya mazoezi kabla ya siku hizo hulipiwa nyumbani.

Fedha za FIFA humfikia nani?

Wazazi wengi huvumilia gharama hizo wakiamini kuwa mtoto akifanikiwa, mpira utazirudisha. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) zinaeleza jambo tofauti.

Kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina malipo ya aina mbili kwa waliomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo inaweza kudaiwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine. Ya pili ni mchango wa mshikamano, ambao ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, inayogawanywa kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23.

Mgawo wenyewe uko wazi. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu iliyomlea kwa miaka minne ya kwanza hupata dola 10,000 na zilizomlea miaka minane inayofuata hugawana dola 40,000.

Katika mgawo huo hakuna fungu la mzazi. Malipo huenda kwa klabu, tena klabu ambayo usajili wa mchezaji unaonekana katika kumbukumbu za shirikisho la nchi. Kituo cha mtaani ambacho hakikumsajili mtoto popote kinaweza kumfundisha kwa miaka mitano na kisipate senti moja.

Mwaka 2022 FIFA ilianzisha chombo maalumu cha kusimamia malipo hayo, chenye makao yake Paris. Chombo hicho hufuata kumbukumbu za usajili, jambo linaloongeza uzito wa karatasi ambayo wazazi wengi hawaiulizi: fomu ya usajili wa mtoto.

Kwa maneno mengine, anachotegemea mzazi ni moyo wa mtoto mwenyewe na mshahara wake wa baadaye, iwapo utakuwapo. Hakuna kanuni inayomlipa mzazi kwa njumu alizonunua.

Tahadhari kwa wanaoahidi Ulaya

Pengo kati ya ndoto na hesabu ndilo hutumiwa na matapeli. Huja na barua yenye nembo ya klabu ya Ulaya, humwambia mzazi kuwa mtoto ameonekana, kisha huomba fedha za viza, tiketi na majaribio. Ipo mifano ya familia barani Afrika zilizouza mali au kukopa, na watoto wao wakaachwa katika miji wasiyoijua. Shirika la Foot Solidaire lilianzishwa nchini Ufaransa mwaka 2000 na mchezaji wa zamani wa Cameroon, Jean-Claude Mbvoumin, kuwasaidia vijana wa aina hiyo.

Mzazi anayo kinga rahisi. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Anayedai fedha ili kumsajili Ulaya mtoto wa miaka 15 kutoka Dar es Salaam anauza kitu ambacho kanuni haziruhusu.

Vilevile, mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Karatasi inayomfunga mtoto kwa muda mrefu zaidi inapaswa kuonyeshwa kwa mwanasheria kabla ya kuguswa na kalamu.

Nchi nyingine zilivyokabili tatizo

Mzigo huu hauzielemei nchi maskini pekee. Nchini Marekani, taasisi ya Aspen iliripoti kuwa mwaka 2019 familia ilitumia wastani wa dola 693 kwa mwaka kwa mtoto mmoja katika mchezo mmoja. Kufikia mwaka 2024 wastani kwa mchezo mkuu wa mtoto ulikuwa umefika dola 1,016. Katika utafiti wa 2019 gharama kubwa kuliko zote ilikuwa safari, kama ilivyo nauli kwa mzazi wa hapa.

Canada ilijaribu kutumia kodi. Kuanzia mwaka 2007 mzazi aliruhusiwa kudai nafuu ya kodi kwa ada za michezo ya mtoto. Kwa miaka mingi nafuu hiyo iliwafaa wenye uwezo wa kulipa kwanza na wenye kodi ya kupunguziwa, na ilifutwa kuanzia mwaka 2017.

Norway ilichagua kupunguza gharama yenyewe. Kanuni zake za michezo ya watoto, zilizoanza mwaka 1987, zinataka watoto wadogo washindane karibu na nyumbani. Hawaruhusiwi kushiriki mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 13. Mashindano yakiwa karibu, safari hupungua na mkoba wa mzazi hupumua.

Mfano wa karibu zaidi uko Nairobi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa watu wa kipato cha chini. Timu zake hupata pointi za ligi uwanjani na pia kwa kusafisha mazingira ya mtaa, na vijana wanaojitolea huweza kupata tuzo zinazolipia ada zao za shule. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Pale, michezo iliipunguzia familia mzigo wa ada.

Mambo ya kuzingatia

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia mtoto haki ya kucheza na kupumzika, pamoja na haki ya chakula, malazi, matibabu na elimu. Haki hizo zimewekwa pamoja, na mzazi hatakiwi kuiuza moja ili kununua nyingine.

Kwa msingi huo, yapo mambo ambayo familia inaweza kufanya kabla ya kulipa ada yoyote:

- Kuandika gharama zote za mwaka, nauli ikiwamo, na kuweka kikomo kisichogusa ada ya shule wala chakula.

- Kuanza na timu ya shule au ya mtaa, na kwenda kituo cha mbali pale tu mtoto anapohitaji kile ambacho karibu hakipo.

- Kuuliza kama kituo kimesajiliwa, kama mtoto ataandikishwa katika kumbukumbu za chama cha mchezo, na kudai nakala.

- Kuuliza nani atalipa matibabu mtoto akiumia mazoezini au safarini.

- Kuungana na wazazi wengine kusindikiza watoto kwa zamu, na kupokezana viatu vilivyobana ambavyo bado ni vizima.

- Kutompa fedha wakala yeyote wa safari ya nje kabla ya kuthibitisha habari hizo katika ofisi za shirikisho husika.

Halmashauri nazo zina wajibu wao. Kila uwanja wa wazi unaolindwa dhidi ya uvamizi, na kila shule inayofungua uwanja wake kwa watoto wa mtaa baada ya masomo, huondoa nauli katika bajeti ya mamia ya kaya.

Watoto wengi wanaoingia uwanjani leo hawatalipwa kamwe kwa kucheza. Watapata afya, marafiki, nidhamu na kumbukumbu njema, na hayo yanastahili kulipiwa kwa kiasi kile ambacho familia inakimudu. Mzazi anayelipa akijua hivyo hatamdai mtoto wake deni siku kocha atakapotangaza majina ya waliochaguliwa na lake likakosekana.