Mashapo ya Tendaguru

Mashapo, kwa maana yake ya nyumbani, ni yale yatuamayo chini ya mtungi maji yakiisha kutulia. Wataalamu wa elimu ya miamba wamelitwaa neno hilo kutajia mambo makubwa kuliko mtungi, wala hawakukosea, kwa kuwa mto uingiao baharini hufanya kazi ile ile. Maji yaendayo kwa kasi huchukua changarawe na mchanga. Yapunguapo mwendo huutua mchanga kwanza, na tope laini huelea hata lifike mahali palipotulia. Tabaka hulala juu ya tabaka. Uzito wa zilizo juu huzibana za chini na kuyakamua maji. Kisha chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka majini hujaza nafasi baina ya chembe na kuzishikamanisha kama saruji. Hivyo ndivyo mchanga na tope vigeukavyo kuwa jiwe.

Mfano ulio dhahiri wa kazi hiyo ni kilima cha Tendaguru, kilicho yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Miaka milioni 150 hivi iliyopita mahali hapo palikuwa pwani: palikuwa na nyangwa zilizofunikwa na maji kujaa na kuachwa wazi maji kupwa, na mafungu ya mchanga yaliyozikinga na mawimbi. Bara yake ilikuwa na miti ya jamii ya misonobari, na dinosauri wakubwa wakila majani yake.

Mnyama afapo juu ya nchi kavu, mwili wake huwa chakula cha walao mizoga, na mifupa ikavunjwa na jua na mvua hata isionekane tena. Ili mfupa usalie, sharti ufukiwe upesi. Tope likiufunika, hewa hupungua na uozo hukawia. Maji yapenyayo ardhini huleta madini, yakajaza vitundu vya mfupa na pengine kushika mahali pa sehemu zake za asili, chembe kwa chembe. Umbo hubaki, na uzito huwa wa jiwe. Hicho ndicho kiitwacho kisukuku. Kwa viumbe wengi waliopata kuishi, hakikubaki kitu.

Huko Tendaguru kuna tabaka kuu tatu za tope lililoganda zenye mifupa ya dinosauri, na kati yake mna mawe ya mchanga yenye makombe ya baharini. Kwa mpango huo yafahamika kwamba bahari iliingia na kurudi mara kwa mara. Niels Stensen alikwisha kuandika mwaka 1669 ya kuwa tabaka ya chini, isipopinduliwa, ni ya zamani kuliko ya juu yake. Makombe nayo yalisaidia kukisia umri, kwani aina za Trigonia zilizoko Tendaguru zina jamaa zao katika miamba ya Kutch, Bara Hindi. Basi mfupa peke yake waeleza umbo la mnyama. Zama zake na makazi yake huelezwa na tabaka aliyolala ndani yake.

Habari za mifupa hiyo ziliwafikia wataalamu baada ya mhandisi Bernhard Sattler kuiona mwaka 1906. Eberhard Fraas alifika mwaka 1907, na tangu mwaka 1909 hata 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilifanya uchimbaji mkubwa, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Zama zile nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, pamoja na njaa iliyofuata, vilikuwa vimeidhoofisha sana kusini. Katika nchi iliyojeruhiwa hivyo walipatikana wachimbaji na wapagazi, hata mamia kwa wakati mmoja. Waliifungasha mifupa kwa plasta, udongo na mianzi, wakaichukua vichwani na mabegani safari ya siku kama nne mpaka Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin. Humo, mwaka 1937, kilisimamishwa kiunzi cha mifupa cha yule aitwaye leo Giraffatitan brancai, ambaye kimo chake hupita mita 13.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Baadhi ya wanyama waliofukuliwa walipewa majina ya wasomi na wafadhili wa Ujerumani. Jina lake yeye liliingia katika elimu hiyo mwaka 2007, alipoitwa dinosauri mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii. Wengi wa wenziwe hawatajwi na wasomaji wa vitabu vya elimu hii.

Hapo historia ya watu yakaribia historia ya mawe. Mfupa usiofukiwa upesi hupotea, na uliotolewa pasipo kuandikwa tabaka yake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Kadhalika habari za mchimbaji zisipoandikwa pamoja na habari za mfupa alioutoa, kisukuku husimama jumbani kana kwamba kilijitoa chenyewe ardhini. Hati za msafara ule, na masimulizi ya watu wa Lindi, nayo ni mashapo. Yafaa yasomwe tabaka kwa tabaka, kwa uangalifu ule ule uliotumiwa katika kuusoma mwamba.