Shehena Ikitoswa Baharini, Hasara Ni ya Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafanyia waja wake bahari kuwa njia ya riziki zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, hapa Likombe, Mtwara, alitujia ndugu mmoja mfanyabiashara akiwa na karatasi mkononi. Aliagiza vyombo vya nyumbani kutoka Uchina, vikapakiwa katika kontena moja pamoja na mizigo ya wenzake. Njiani meli ikashika moto. Maji ya kuzimia moto yakaharibu shehena za watu wengine, yake ikasalimika. Sasa anatakiwa achangie hasara ya wale wengine, na asipoweka dhamana hapewi mzigo. Akatuuliza: "Shekhe, mali yangu haikuungua wala si mimi niliyewasha moto. Hii si dhulma?"

Ndugu msomaji, swali hili ni kongwe kuliko kontena na kuliko meli ya mvuke. Pwani yetu hii imeishi kwa nauli na shehena tangu zamani. Kabla Waingereza hawajajenga gati la Mtwara kwa ajili ya mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika 1951, majahazi yaliingia ghuba ya Mikindani yakiletwa na kaskazi na kuondoka na kusi. Mwanahistoria al-Mas'udi alisafiri baina ya Oman na kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi hukisia kuwa ni Pemba. Safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 304 Hijria (916). Anasimulia kuwa ndugu wawili wa Siraf waliokuwa wenye chombo alichopanda, baadaye walizama pamoja na wote waliokuwa nao.

Katika zama hizo hizo aliishi Muhammad bin Umar al-Kinani, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 310 Hijria (923). Huyu ametuachia kitabu kizima juu ya kukodi majahazi na magomvi ya watu wake: nauli hulipwa lini, safari ikikatika njiani nani anarudishiwa nini, na shehena ikitoswa hasara inamwangukia nani. Mafakihi hawakungoja Ulaya iwafundishe mambo ya bahari. Na insafu inatutaka tuseme pia kwamba kanuni ya kugawana hasara ilikuwapo kabla yao, kwani Warumi waliihusisha na watu wa kisiwa cha Rhodes.

Madhehebu ya Imamu Malik yamekwenda hivi: jahazi likichelea kuzama, inajuzu kutosa mizigo, wenyewe waridhie wasiridhie, na aliyetosa halipi peke yake. Hasara hugawanywa juu ya mali yote ya biashara iliyomo chomboni, iliyotoswa na iliyosalia, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Hoja yao ni kwamba aliyesalimika amesalimika kwa mali ya mwenzake.

Madhehebu yetu ya Shafi'i yameshika njia nyingine. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277), katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana katika darsa za pwani hii, ameweka mas'ala haya kwenye milango ya diya. Kutosa mizigo kunajuzu chombo kinapokaribia kuzama, na kunakuwa wajibu kukitarajiwa kuokoa roho za abiria. Lakini atakayetosa mali ya mwenzake bila ya idhini atailipa. Anayetosa mali yake mwenyewe hana madai kwa wengine, isipokuwa mtu awe amemwambia: tosa, nami nadhamini.

Na ipo mali isiyotoswa kwa sababu si mali. Nawawi huyo huyo, katika Rawda, amekataza kuwatosa watumwa ili waungwana wasalimike. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Zong waliwatosa Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai fidia ya bima kama ya bidhaa. Lakini tusiwanyooshee wengine kidole tukajisahau. Kilwa na Mikindani zilipakia binadamu majahazini hata Sayyid Barghash alipofunga masoko ya watumwa mwaka 1873. Vitabu vilikuwapo, na nanga zikang'olewa.

Turudi kwenye karatasi ya ndugu yetu. Sheria ya bahari ya leo inafuata kanuni zilizopewa majina ya miji ya York na Antwerp tangu karne ya 19, na kurekebishwa mara nyingi, ikiwemo mwaka 2016. Mali iliyotolewa mhanga kwa makusudi ili kuokoa wote, huchangiwa na meli na shehena zote zilizookoka. Maji ya kuzimia moto yanahesabiwa humo. Meli ya Ever Given iliyokwama Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021 ilikuwa na makontena yapata 18,300, na wenye shehena ambazo hazikudhurika walitakiwa kuweka dhamana kwa kanuni hii. Ndege haina mas'ala haya. Huko jambo kubwa ni mpaka wa fidia kwa kila kilo, kama ulivyowekwa na Mkataba wa Montreal wa 1999.

Basi je, ni dhulma? Mtu anaweza kusema kuwa hati ya shehena imetaja sharti hili, kwa hiyo ni dhamana kama ile ya Minhaj. Mwanafunzi makini atapinga: dhamana ile hutolewa chombo kikiwa hatarini, na hii imeandikwa kabla meli haijang'oa nanga, na Mashafi'i hawasahihishi kudhamini deni ambalo halijathibiti. Pingamizi hilo lina nguvu. Kwa hiyo sisi tunajenga juu ya kauli ya Malik, pamoja na ada ya wafanyabiashara na wajibu wa Waislamu kutimiza masharti yao. Ndugu yetu tulimjibu: si dhulma. Lipa fungu lako, lakini dai hesabu uone thamani zilivyokadiriwa, usidaiwe zaidi ya kadiri ya mali yako.

Alitutazama, akasema: "Hati hiyo sijapata kuiona. Anayo wakala."

Hapa ndipo penye dhulma tunayoihofia. Mizigo midogo inapochangia kontena moja, hati hubaki kwa wakala, na mwenye mali hupewa risiti tu. Wakala ni mtu wa amana. Akificha masharti ili asimpoteze mteja, amefanya ghushi, hata kama mzigo utafika salama. Maimamu na wawaambie mawakala walio katika safu zao. Na mwenye kuagiza asitoe pesa kabla ya kusomewa sharti hili, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wallahu a'lam.