Wakipchak: Watu wa Nyika Katika Historia na Katika Mchezo wa Kompyuta

Wakipchak walikuwa wafugaji wahamaji wa asili ya Kituruki ambao, kufikia karne ya 11, walikuwa wameenea kutoka mto Irtysh wa Siberia hadi karibu na mto Danube, katika ukanda mpana wa majani ambao waandishi wa Kiislamu waliuita Dasht-i Kipchak, yaani nyika ya Wakipchak. Tawi lao la magharibi lilijulikana Ulaya kama Wakumani, na kwa jina hilo waliingizwa mwaka 2019 katika toleo jipya la Age of Empires II, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hujenga dola ya zama za kati, hukusanya mali na kuongoza majeshi.

Waundaji wa mchezo huo waliwapa Wakumani farasi wenye mbio kuliko wa wengine, wakawanyima kuta za mawe, na askari wao wa pekee, aitwaye Kipchak, hufyatua mishale kadhaa kwa mpigo akiwa juu ya farasi. Sifa hizo zinalingana na historia, kwa kuwa nguvu ya watu hao ilitokana na wepesi wa kushambulia na kutoweka, wala hawakutegemea ngome. Hata hivyo, mchezo unawapa pia uwezo wa kujenga kituo cha pili cha mji mapema kuliko mataifa mengine, ilhali Wakipchak halisi walihama na mifugo yao na hawakuwahi kuunganishwa chini ya dola moja, bali waliongozwa na makhani, yaani wakuu wa koo, waliojitegemea.

Kampeni yao mchezoni inafuata maisha ya Köten, khani aliyeshirikiana na wakuu wa Rus, nchi ya Waslavi wa mashariki, na kushindwa na Wamongolia kwenye mto Kalka mwaka 1223. Mwaka 1239 Mfalme Béla wa Nne wa Hungaria alimpa hifadhi pamoja na watu wake, lakini mwaka 1241, Wamongolia walipokaribia, Köten aliuawa mjini Pest kwa tuhuma za kushirikiana nao. Watu wake waliondoka wakipora njiani, kisha baadaye wengi wao wakarudi na kupewa ardhi, na hadi leo maeneo ya Kiskunság na Nagykunság yanabeba jina lao.

Utamaduni wao nje ya vita haupati nafasi kubwa mchezoni. Wakipchak walisimamisha juu ya makaburi sanamu za mawe zilizoshika kikombe mbele ya tumbo, na mtawa William wa Rubruck, aliyepita huko mwaka 1253, aliandika kwamba zilielekezwa mashariki. Ibn Battuta, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa maelezo yake ya Mombasa na Kilwa, alivuka nyika hiyo katika miaka ya 1330, akaeleza magari ya kukokotwa yaliyobeba mahema na heshima kubwa waliyopewa wanawake. Lugha yao nayo imehifadhiwa katika Codex Cumanicus, muswada wa msamiati na maandishi ya Kikristo uliopo Venice.

Pengo kubwa zaidi la mchezo linahusu Misri. Vijana wengi wa Kipchak waliuzwa utumwani wakafanywa mamluki, yaani askari watumwa, na mmoja wao, Baybars, alipigana na Wamongolia katika vita vya Ayn Jalut mwaka 1260, kisha akawa sultani mwaka huohuo. Mchezoni, mamluki ni askari wa Wasaraseni, taifa jingine la mchezo huo, anayepanda ngamia na kurusha panga, wakati mamluki wa kweli alipigana juu ya farasi kwa upinde na mkuki, na hivyo uhusiano wake na nyika umefutwa.

Kwa hiyo mchezo huo umefaulu kuonyesha namna Wakipchak walivyopigana na walivyofukuzwa, lakini haumwonyeshi mchezaji kwamba watu hao hao waliokimbilia Hungaria kama wakimbizi walikuwa na ndugu waliokalia kiti cha enzi cha Cairo, na kwamba lugha za tawi la Kipchak, zikiwemo Kikazaki na Kitatari, zinazungumzwa na mamilioni ya watu hadi leo.