NENO "ALAQA" LINA MAANA GANI?

  

Kila Ramadhani tunakumbushana kwamba aya za mwanzo zilimshukia Mtume (S.A.W) mwezi huu, katika pango la Hira, mwaka 610. Neno "Iqra" kila mtoto wa madrasa analijua. Lakini sura yenyewe inaitwa Al-Alaq. Je, hiyo alaq ni nini? Neno hili, pamoja na umbo lake la umoja, alaqa, limekuja katika sura 5: Al-Hajj, Al-Mu'minun, Ghafir, Al-Qiyama na Al-Alaq. Katika Al-Mu'minun hatua zimepangwa wazi: nutfa, yaani tone la manii, kisha alaqa, kisha mudgha, yaani kinofu cha nyama, kisha mifupa, kisha mifupa ikavikwa nyama.

Huku kwetu Merigi Waislamu ni wachache, darasani tunakaa na wenzetu wa dini nyingine, na swali huja hivi: "Kitabu chenu kinasema mtu aliumbwa kwa damu iliyoganda. Mwalimu wa baiolojia anasema hakuna siku ambayo kiinitete ni damu iliyoganda. Sasa nyinyi mnasemaje?" Kijana ananyamaza, na wengine hurudi nyumbani na shaka moyoni. Basi tulifuatilie neno lenyewe.

Kwanza, lugha. Asili ya alaqa ni kushikamana na kuning'inia. Katika Suratun Nisaa aya ya 129, mke aliyeachwa njia panda, hana mume wala hajaachwa, anaitwa mu'allaqa, aliyening'inizwa. Ni asili hiyo hiyo. Ibn Manzur, aliyekusanya kamusi kubwa ya Lisan al-Arab, ametaja kwamba alaq ni damu, au damu nzito iliyoganda, na pia ni yule mdudu wa majini anayefyonza damu. Huyo kwa Kiswahili ni ruba. Anayenywesha ng'ombe mtoni anajua ruba akishika haachi! Naye Imam Qurtubi (aliyefariki 1273) anaeleza kwamba damu hiyo imeitwa alaqa kwa sababu ya unyevu wake, inashikamana na kila inapopita. Kwa hiyo hata maana ya damu imezaliwa na kule kushikamana.

Pili, tafsiri. Qur'ani nzima imefasiriwa kwa Kiswahili mara kadhaa: padri Godfrey Dale wa Zanzibar mwaka 1923, Mubarak Ahmad wa Ahmadiya mwaka 1953, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani mwaka 1995. Masikio yetu yamezoea maneno ya damu: pande la damu, tone la damu, damu iliyoganda. Je, masheikh wetu hawakujua Kiarabu? Hasha! Walifuata mufasirina wakubwa waliowatangulia, na damu ndiyo watu waliyoiona mimba changa ilipoharibika.

Tena alaqa ilikuwa na kazi katika fiqhi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwanamke aliyeachwa akiwa mjamzito, eda yake haimaliziki kwa kutokwa na alaqa. Humalizika kwa mudgha yenye umbo la binadamu, hata likiwa limefichika, wakunga wakishuhudia. Imam Nawawi ameiandika hukumu hii ya mudgha katika Minhaj. Angalia, mkunga anaitwa kama mtaalamu, na neno lake linakata shauri!

Tatu, sayansi. Mwaka 1976 daktari Mfaransa Maurice Bucaille aliandika kwamba alaqa ifasiriwe kitu kinachoshikamana. Mwaka 1983 Keith Moore, profesa wa Toronto, Kanada, kitabu chake cha embriolojia kilitolewa pamoja na nyongeza za Kiislamu, naye akakilinganisha kiinitete na ruba. Ni kweli kwamba kiinitete huanza kujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba karibu siku ya 6, na kufikia siku ya 12 hivi kimeshazama humo.

Hapa ndugu zangu tuwe waangalifu. Wako vijana wanaofanya picha ya ruba kuwa nguzo ya sita ya Uislamu. Mpinzani akija na Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2 aliyeandika pia juu ya hatua za mimba, wanababaika. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 1350) hakubabaika, bali alimnukuu Hippocrates waziwazi alipoandika juu ya mtoto tumboni. Vitabu vya sayansi hutolewa upya kila baada ya miaka michache. Imani ikifungwa kwenye chapa moja, chapa ikibadilika itakuwaje?

Kwa hivyo ukiulizwa, jibu kwa utulivu: neno la Qur'ani ni alaqa, asili yake ni kushikamana, na "damu iliyoganda" ni maana mojawapo iliyochaguliwa na wafasiri. Usiwatukane masheikh, wala usidai zaidi ya unachokijua. Aya zenyewe zinatukumbusha tulivyokuwa kitu dhaifu kinachong'ang'ania ili kiishi, kisha zinatuambia Mola alitufundisha tusiyoyajua. Mwenye kulielewa hilo hataringa kwa elimu yake.

Wallahu a'alam. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu. Amin.